Ruhusa ya Kutoka: Hofu, Jinsia na Ujuzi wa Njia Pwani ya Afrika Mashariki

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa wasia kwa binti yake Mwana Hashima. Utendi huo umesomwa kwa karne moja na nusu kama mafunzo ya ndoa, dini na adabu, na ndivyo ulivyo. Lakini ndani yake mna beti chache zinazogusa jambo ambalo wahakiki wengi hulipita haraka: namna mwanamke wa kiungwana anavyopaswa kupita njiani. Asitoke bila idhini ya mume. Akitoka, asikawie. Asizungumze njiani, asijifunue kutoka kwenye shiraa, na macho yake yatazame chini. Tuyachukue maagizo hayo kama maelezo ya mwendo halisi wa mtu katika mji wa mawe wenye vichochoro vilivyopindapinda. Anayekwenda hivyo anauona mji kiasi gani? Anaona ardhi, miguu ya waliomtangulia, na kizingiti cha nyumba anayoingia. Haoni mnara wa msikiti, hajui jua limeelemea upande gani, wala hawezi kulinganisha kona anayopinda sasa na ile aliyoipinda juzi. Hata akipelekwa mara ishirini kwenye nyumba ileile, bado amepelekwa tu.

Shiraa haikuvaliwa kama nguo. Ilikuwa kitambaa kikubwa kilichotandazwa juu ya vijiti vilivyoshikwa na wajakazi, na bibi mwenye nyumba akaenda katikati yake bila kuonekana. Lamu na Pate palikuwa pia na wikio, chumba au daraja lililojengwa juu ya kichochoro kuunganisha ghorofa ya nyumba moja na ya jirani, mara nyingi za watu wa ukoo mmoja, ili wanawake watembeleane bila kukanyaga njia. Nyumba zenyewe zilipangwa kwa fikra hiyohiyo. Mlangoni palikuwa na daka, ambapo wanaume walikaa na kupokea wageni; kisha kiwanda kilicho wazi juu; kisha misana miwili; na mwisho kabisa vyumba vya ndani, ambako mgeni wa kiume hakufika. Inashangaza kidogo kukumbuka kwamba katika koo nyingi za waungwana wa Lamu nyumba hiyo alipewa binti anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Mwanamke alikuwa na miliki ya kuta na paa. Asichokuwa nacho ni ile nafasi ya mita chache iliyokuwa nje ya mlango wake.

Nimeanza na mambo haya kwa sababu leo limezuka swali ambalo hujibiwa kwa haraka mno: kwa nini wanawake wengi husema wana wasiwasi wanapotafuta njia, na kwa nini katika vipimo vingi wanaume huwazidi? Mwaka 1994 mwanasaikolojia Carol Lawton alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Wanawake walielekea kufuata mfululizo wa njia, yaani pinda hapa, nyoosha pale, pita mbele ya jengo lile. Wanaume walielekea zaidi kujiweka katika ramani ya kichwani kwa kutumia pande za dunia na masafa. Wanawake waliripoti pia wasiwasi mkubwa zaidi wa njia, na wenye wasiwasi mkubwa ndio waliotumia ramani ya kichwani kwa uchache. Matokeo ya aina hii yakifika mitaani huwa yamekwisha kugeuzwa kuwa hukumu: wanawake hawajui njia, ndivyo walivyoumbwa. Historia ya pwani yetu inaonyesha jambo jingine. Wote, wanaume kwa wanawake, waliogopa njia. Tofauti ilikuwa jamii iliifanyia nini hofu hiyo. Ya mwanamume iliundiwa mafunzo, viongozi na vyombo. Ya mwanamke ilijibiwa kwa mlango kufungwa. Baada ya vizazi kadhaa vya kutendewa hivyo, tukaanza kuyaita matokeo yake maumbile.

Hofu ya wanaume ilikuwa kubwa, na kumbukumbu zake ni nyingi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji, mamia ya kilomita kupita katika pori, maeneo yasiyo na maji na nchi za watawala waliodai hongo. Kupotea humo kulikuwa kifo. Basi wapagazi hawakuachwa kila mmoja na woga wake. Palikuwa na kirangozi, aliyetangulia akiwa na mavazi yake ya kutambulika na bendera, akifuatwa kwa mstari mmoja. Palikuwa na ngoma na barghumu za kuwaita waliochelewa. Njia ilipogawanyika, waliotangulia walilaza tawi la mti kuvuka ile isiyofaa, na msomaji wa taarifa za wasafiri wa Kizungu wa wakati huo huikuta desturi hiyo ikitajwa. Hebu tulitazame tawi hilo kwa makini. Limewekwa na mtu ambaye hatakuwepo wakati anayelihitaji atakapofika. Linamfaa mpagazi mgonjwa aliyebaki nyuma, anayetetemeka kwa homa, asiyemwona mwenzake hata mmoja mbele yake. Hahitaji ujasiri wala kipaji. Anahitaji kuliona tawi na kujua maana yake. Huo ni wasiwasi uliotambuliwa hadharani na kupewa dawa ya pamoja. Baharini hali ilikuwa hivyohivyo: kijana aliyeingia jahazini hakutarajiwa kuzijua nyota, pepo za kaskazi na kusi, miamba na milango ya bandari. Alikaa miaka kando ya nahodha na wazee wa chombo mpaka akazijua. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwa anaogopa bahari kuu basi hakuumbiwa bahari.

Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba wanawake wa bara, hasa wa Unyamwezi, walisafiri kama wake wa wapagazi, wapishi, wachuuzi na pengine wapagazi wenyewe, na baadhi yao waliingia kwa hiari na kwa faida yao. Walitembea masafa yaleyale, chini ya kirangozi yuleyule. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mwanamke aliyekwenda pwani na kurudi kwao alikuwa na kichwa kidogo cha njia kuliko mumewe aliyebeba pembe kando yake.

Mfano wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, uko mjini palepale. Lamu, Mombasa na Unguja za karne ya 19 zilikuwa na wanawake wa aina mbili waliokaa chini ya paa moja. Mmoja ni mwungwana aliyetawishwa. Wa pili ni mjakazi aliyekuwa mali yake. Huyu wa pili alichota maji kisimani, alikwenda sokoni, alipeleka salamu na kurudisha majibu, alitoka shamba hadi mjini na mzigo kichwani, na wengine walipelekwa kufanya vibarua ili bwana apate sehemu ya ujira. Kwa umbile walikuwa sawa. Mji ulikuwa ule mmoja, hewa ileile, lugha ileile. Lakini mmoja alikijua kila kichochoro na mwingine alihitaji kupelekwa hata kwenye mtaa wa pili. Ukiangalia jozi hiyo ya wanawake, jinsia peke yake haitoshi kueleza lolote. Kinachoeleza ni nani aliruhusiwa, na nani alilazimishwa, kutembea. Nasema alilazimishwa kwa makusudi, kwa maana isije ikadhaniwa kwamba maisha ya mjakazi yanasifiwa hapa. Ujuzi wake wa njia ulinunuliwa kwa utumwa, na hatari aliyopita nayo ilikuwa ya kweli. Misimu ya kaskazi, majahazi ya kutoka Ghuba yalipojaa bandarini Unguja, watumwa na watoto walinyakuliwa njiani na kupakiwa usiku, na wazazi waliwafungia watoto wao ndani. Mwanamke aliyetumwa kisimani jioni katika msimu huo hakuwa na wasiwasi wa kuota. Alikwenda hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na hiari, na alirudi kwa njia aliyoijua.

Hata waungwana wenyewe hawakuwa wafungwa kwa kiwango ambacho wageni walidhani. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo ameeleza jinsi mabibi wa daraja walivyotoka usiku kutembeleana, wakitanguliwa na watumwa wenye silaha na wenye kubeba taa kubwa, na ukubwa na wingi wa taa ukawa alama ya cheo. Salme mwenyewe alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha, mambo yasiyokuwa ya kawaida kwa wasichana wa rika lake. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Nyumba ya Barghash mjini ilizingirwa na askari. Usiku, Salme na dada yake Khole walifika pale na wafuasi wao wa kike, wakazungumza na walinzi, wakaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao amefunikwa shela mpaka yakabaki macho, na wanawake warefu kuliko wote wakawekwa ubavuni pake ili kimo chake kisimfichue. Askari hawakumtazama mara mbili, kwa kuwa haikuwa adabu kukazia macho wanawake waliojifunika. Kundi lile likapita vichochoro vya mji na kutokea mashambani gizani, hadi mahali walipokuwa wakisubiri watu wa Barghash, naye akaenda zake kwenye shamba la Marseilles. Uasi wenyewe ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akahamishiwa Bombay kabla ya kurudi na hatimaye kuwa Sultani mwaka 1870.

Kisa hicho husimuliwa kama hadithi ya ujasiri wa kifalme, lakini mimi nakisoma kama ushahidi kuhusu njia. Waliomtoa mtu aliyekuwa akisakwa katika mji uliojaa doria walikuwa wanawake, na waliujua mji ule katika saa ambazo wao ndio walioutumia, yaani usiku. Mwanamume wa baraza aliijua njia ya mchana: bandari, soko, msikiti, forodha. Mwanamke wa daraja aliijua njia ya usiku na mji wa nyumba: nani jirani ya nani, mlango upi wa nyuma unatokea wapi, juu ya paa gani unaweza kuzungumza na nani. Kipimo kinachomtaka mtu aonyeshe kaskazini kitamfelisha mwanamke huyu na kumfaulisha nahodha. Kipimo kinachomtaka mtu amfikishe mgeni kwenye nyumba ya msiba mtaa wa nne bila kupita mbele ya baraza la wanaume kingeleta majibu tofauti kabisa, na hakuna aliyekitunga.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo, kwa historia ya njia, ni makubwa kuliko barabara yoyote iliyojengwa na wakoloni. Tarehe 6 Aprili 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Shiraa ilihitaji mikono ya watu wasiolipwa ili isimame. Mikono hiyo ilipoondoka, shiraa ilianguka. Mahali pake, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, pakashika buibui. Tumezoea kulizungumzia buibui kama alama ya kufungiwa, na wapo waliolazimishwa kulivaa. Lakini ukililinganisha na kilichotangulia, buibui ni sitara inayobebwa na mwenyewe. Aliyelivaa alihitaji miguu yake tu, na macho yalikuwa wazi kuangalia mbele. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba wanawake wa Zanzibar waliotoka katika familia za watumwa walilichukua vazi hili kwa ari, kwa kuwa liliwafuta alama ya utumwa na kuwapa heshima ya kupita njiani kama mtu yeyote. Chini ya buibui binti wa mwungwana na binti wa mjakazi walifanana. Yule wa kwanza alipata kutembea, yule wa pili alipata kutembea bila kuandamwa. Sioni ubaya kusema kwamba vazi hilo jeusi liliwafundisha njia wanawake wengi wa miji yetu.

Ushahidi wake uko katika maisha yaliyofuata. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na akapewa jina la Mtumwa. Ujanani alichuuza vyungu alivyofinyanga mama yake, akivitembeza kutoka shamba hadi mjini huku akivinadi kwa sauti. Aliyekijua kila kituo cha njia hiyo ndiye aliyehamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Mombasa na Lamu nako vyama vya ngoma ya lelemama viliwatoa wanawake mtaa hadi mtaa. Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1979, alieleza jinsi vyama kama Ibinaal Watan vilivyoshindana kwa mavazi, maandamano na karamu. Mashindano hayo hayawezekani bila wanawake wengi kujua mji mzima. Ndani ya kizazi kimoja au viwili tangu shiraa ianguke, wanawake wa pwani walikuwa wakiandamana barabarani kwa ngoma. Maumbile hayabadiliki kwa kasi hiyo.

Nakuja kwenye pingamizi lililo zito. Mtu anaweza kusema kwamba pwani ni jambo la utamaduni, lakini tofauti ya jinsia huonekana hata mahali pasipo na mlango wa kufunga. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huchukuliwa kuwa mfano: utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia vifaa vya setilaiti vilivyovaliwa na watu wenyewe, ulionyesha kwamba wanaume hutembea masafa marefu zaidi kwa siku, hupita eneo kubwa zaidi, kwa njia zenye kupindapinda zaidi, na mara nyingi wakiwa peke yao. Nakubali ukweli huo, na nakubali kwamba huenda ipo sehemu ya maumbile katika jambo hili. Anayelikana kabisa hana ushahidi wa kumtosha. Wanasayansi wa Norwei walijaribu mwaka 2016 kuwapa wanawake kiasi kidogo cha homoni ya kiume. Uelewa wao wa pande ulipanda kidogo, lakini hawakufika waendako vizuri zaidi kuliko wenzao. Kuhusu Wahadzabe, kilichopimwa ni mwendo, na mwendo ndio hasa ninaousema: mwanamume anafuata mnyama bila kujua atamwongoza wapi, mwanamke anakwenda na wenzake mahali penye mizizi wanapopajua. Mahali ambapo wote wawili huzunguka sana, tofauti hupungua au hutoweka. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, wanaowinda, kuvua na kulima msituni, watafiti waliowataka watu waelekeze kidole upande wa mahali pa mbali hawakupata tofauti kati ya wanaume na wanawake, na hata wazee hawakuwa nyuma ya vijana.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi unatoka magharibi mwa Kenya, na nasikitika kwamba haujulikani sana kwetu. Mwaka 1971 Robert na Ruth Munroe walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa watoto wadogo wa Kilogoli. Walipima mtoto alipatikana umbali gani kutoka nyumbani nyakati mbalimbali za siku, kisha wakampa kazi za kupima ufahamu wa maumbo na nafasi. Wavulana walikuwa na kawaida ya kuwa mbali zaidi na nyumba, na watoto waliozoea kwenda mbali walifanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo Sara Nerlove na akina Munroe walichapisha matokeo yanayofanana kutoka kwa watoto wa Kigusii. Lawton naye, alipolirudia suala lake mwaka 2002 pamoja na Janos Kallai kwa kulinganisha Marekani na Hangaria, alikuta katika nchi zote mbili kwamba wanaume waliripoti uzoefu mkubwa zaidi wa kutafuta njia tangu utotoni, na kwamba wasiwasi wa njia ulihusiana na hisia ya mtu kuhusu usalama wake. Halafu ukaja mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, ambamo mchezaji huongoza mashua. Matokeo yake ya mwaka 2018 yalitokana na watu zaidi ya laki tano kutoka nchi 57: wanaume kwa wastani walitangulia, lakini pengo lilikuwa dogo katika nchi zenye usawa zaidi wa jinsia na kubwa katika nchi zenye usawa mdogo. Wachezaji hao wote wana simu za kisasa na muda wa kucheza, kwa hiyo hawatuwakilishi sote. Hata hivyo, jambo la maumbile lisingetarajiwa kupanda na kushuka kwa kufuata sheria za ajira na idadi ya wanawake bungeni.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi kwa kuwa linatoka kwa wanawake wenyewe. Linasema: hofu hii ina sababu, na anayetaka kuiondoa anataka kutuua. Ni kweli. Mnamo Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu, na aliyeona picha zile hana haki ya kumwambia binti yake kwamba wasiwasi ni udhaifu. Kinachonihuzunisha ni gharama yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, akiwemo Elizabeth Cashdan, waliwaachia watu wazunguke katika mazingira mageni ya kompyuta na kukuta, mwaka 2016, kwamba wanawake walizunguka kwa uangalifu zaidi, wakisita na kurudia mara nyingi zaidi mahali walipokwisha kupita, na kwamba tabia hiyo ya kurudia iliandamana na mwelekeo wa kujiepusha na madhara. Anayejihadhari hujaribu njia chache. Aliyejaribu njia chache hana ya akiba siku ile anayoijua ikifungwa. Na kukosa njia ya akiba ni sababu mpya ya kuogopa. Mduara huu haukuanzishwa na mwanamke anayepita barabara ileile kila siku. Ulianzishwa na wale wanaoifanya barabara ya pili isipitike, na nia yangu katika kuitaja historia ni kwamba lawama iende kwa wenyewe. Mpagazi wa Tabora aliwekewa tawi. Binti anayeshuka kwenye daladala saa mbili usiku anaambiwa angekaa nyumbani.

Mahali ambapo wanawake wa pwani walipewa sababu ya kwenda mbali, ujuzi haukukawia. Upande wa mashariki wa Unguja, maji ya bamvua yanapotoka, wanawake hutembea juu ya miamba hadi karibu na mawimbi yanapovunjika kutafuta pweza. Hapana kibao wala njia iliyochorwa huko. Hujua mwamba kwa mwamba, hukumbuka tundu lililotoa pweza mwezi uliopita, na hujua mkondo upi hujaa kwanza maji yanapoanza kurudi, kwa maana aliyekosea hukatiwa njia ya pwani. Kilimo cha mwani kilipoanza vijiji vya Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi wakawa wanawake, na kila mmoja huvitambua vigingi na kamba zake katika eneo la maji ambalo kwa mgeni ni sawa kila upande.

Sasa bahari imebadilika joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa katika maji mafupi, na watafiti wanashauri ipelekwe kwenye kina, ambako maji hayachemki. Huko hakufikiki kwa miguu. Kunahitaji mashua, na mashua ni za wanaume. Kunahitaji kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa wakiwa watoto, ijapokuwa kaka zao walijirusha majini tangu walipoanza kutembea. Kaskazini mwa Unguja, Nungwi, yameanzishwa mafunzo ya kuogelea kwa wasichana, na ili wazazi wakubali ilibidi kwanza wapatikane walimu wanawake na yashonwe mavazi ya kuogelea yenye sitara. Mwanamke anayejifunza hapo huanza kwa kuelea, akishikwa mgongo na mwenzake, katika maji ambayo amekuwa akifanyia kazi maisha yake yote.